Mtetezi wa wafu wa Hola, mpinzani wa Wahindi wa Nairobi: kumwelewa Enoch Powell

Julai 1959, saa saba usiku ikiwa imeshapita, mbunge wa chama tawala cha Conservative alisimama katika Bunge la Makabwela mjini London akaibana serikali ya chama chake mwenyewe kuhusu Wakenya 11 waliopigwa hadi kufa katika kambi ya Hola, kando ya Mto Tana. Aprili 1968, mbunge huyohuyo alisimama katika hoteli moja ya Birmingham akawaambia wanachama wenzake kwamba taifa linalopokea wahamiaji weusi na Waasia kwa wingi ule linajikusanyia kuni za kuchomea maiti yake lenyewe. Jina lake Enoch Powell.

Wanaomtukuza huipeperusha Hola kama cheti cha kuonyesha kwamba hakuwa mbaguzi. Wanaomlaani huishia Birmingham na hawataki kusikia habari za Hola. Wapo pia wanaosema alikuwa mtu mwema aliyeharibiwa na tamaa ya madaraka. Kwa maoni yangu, hakubadilika sana kama wanavyodhani. Hotuba ya Hola ukiisoma yote, badala ya zile sentensi mbili tatu zinazonukuliwa kila mara, utaona kwamba aliyekuwa akitetewa mle ndani hakuwa Mwafrika hasa. Ilikuwa Uingereza. Lakini ili hilo lieleweke, inabidi tuanzie mbali kidogo.

John Enoch Powell alizaliwa tarehe 16 Juni 1912 huko Stechford, Birmingham, mtoto pekee wa baba na mama walimu. Mama yake alikuwa amejifundisha Kigiriki mwenyewe, na ndiye aliyempa mwanawe msingi. Kijana akafika Chuo cha Trinity, Cambridge, akasoma chini ya A. E. Housman, mshairi na bingwa wa Kilatini aliyeogopwa kwa ukali wake. Mwaka 1937, akiwa na miaka 25, Powell aliteuliwa kuwa profesa wa Kigiriki katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia. Inasemekana jambo lililomuudhi katika ushindi huo ni kwamba mwanafalsafa wa Kijerumani Nietzsche aliupata uprofesa akiwa na miaka 24. Mwaka huohuo alitoa diwani yake ya kwanza ya mashairi, na mwaka 1938 akachapisha kamusi ya maneno yote yaliyotumiwa na mwanahistoria Herodotus, kazi ya uvumilivu ambayo wasomi wa Kigiriki waliendelea kuitumia kwa miongo mingi. Anayetaka kumwelewa Powell mwanasiasa akumbuke kwamba kabla ya siasa alikuwa mtu wa kuhesabu maneno ya wafu moja baada ya jingine.

Vita vilipoanza 1939 aliacha uprofesa, akarudi nyumbani na kuingia jeshini kama askari wa kawaida. Alipomaliza vita alikuwa brigedia. Hakupigana mstari wa mbele. Kazi yake ilikuwa ya upelelezi na mipango, Cairo, Algiers, kisha India. Na India ndiyo iliyomteka. Alijifunza Kiurdu, akaipenda nchi ile kwa namna ya mtu anayependa kitu anachoamini ni chake, na akaingia siasa akiwa na ndoto ya kuwa siku moja gavana mkuu wa India, mwakilishi wa mfalme kule Delhi. Mwaka 1947 India ikapata uhuru. Masimulizi yanasema siku aliyopata habari kwamba India inaachwa alizunguka mitaa ya London usiku kucha.

Hapo ndipo penye fundo la habari nzima. Wanasiasa wengi wa Conservative walijiliwaza kwa kusema himaya haijafa, imebadili jina tu na kuwa Jumuiya ya Madola. Powell alikataa. Kwake himaya bila India ilikuwa ganda tupu, na mtu mwenye akili hakumbatii ganda. Machi 1953, Bunge lilipojadili cheo kipya cha Malkia Elizabeth, alitoa hotuba ndefu akilalamika kwamba cheo hicho kinavunja umoja wa taji na kinaiga umoja ambao haupo tena. Wenzake walimwona mtu wa ajabu anayepigania herufi. Lakini alikuwa ameshaanza safari yake ya kuuliza: himaya ikishaondoka, Uingereza ni nini? Jibu alilolipata ni kwamba Uingereza ni taifa moja dogo, la kale, linalojitawala kupitia Bunge lake la Westminster, na kwamba kila kitu kingine ni nyongeza. Alilishika jibu hilo hadi kufa.

Bungeni aliingia Februari 1950 kama mbunge wa Wolverhampton South West, mji wa viwanda jirani na Birmingham, kwa kura 691 tu za ziada. Alipanda haraka hadi kuwa naibu katika Wizara ya Fedha, kisha Januari 1958 akajiuzulu pamoja na waziri wake Peter Thorneycroft na Nigel Birch, kwa sababu baraza la mawaziri lilikataa kupunguza matumizi kama walivyotaka. Kilichowagombanisha kilikuwa takriban pauni milioni 50, fedha ndogo kwa bajeti ya taifa. Kwa Powell ilikuwa kanuni. Kwa hiyo Hola ilipotokea alikuwa mbunge wa viti vya nyuma, hana cheo cha kupoteza.

Kilichotokea Hola ni hiki. Kufikia 1959 vita vya Mau Mau vilikuwa vimeshazimwa, lakini hali ya hatari ilikuwa bado imetangazwa na maelfu ya watu walikuwa wamepitia kambi za kizuizini. Waliobaki Hola walihesabiwa kuwa sugu: hawakukiri kiapo, hawakukubali kufanya kazi. Maofisa wakabuni mpango wa kuwalazimisha. Tarehe 3 Machi 1959 watu 85 walitolewa kambini wakapelekwa kwenye kazi ya mfereji. Walipogoma, askari waliwapiga kwa marungu kwa saa kadhaa. Watu 11 walikufa na wengine wengi waliumizwa vibaya.

Taarifa ya kwanza ya serikali ya Nairobi ilisema watu wale walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Maji! Uchunguzi wa hakimu ukaonyesha walikufa kwa majeraha ya kipigo. Pamoja na hayo hakuna ofisa aliyefikishwa mahakamani. Chama cha Labour, hasa Barbara Castle, kilipiga kelele bungeni, na serikali ya Harold Macmillan, ikiwa na uchaguzi mbele yake miezi michache tu baadaye, ilitaka jambo lipite kimyakimya. Mjadala wa pili ukapangwa tarehe 27 Julai, siku za mwisho kabla ya likizo ya Bunge, na ukasogezwa hadi usiku mkubwa.

Powell aliposimama alikuwa ameshazisoma nyaraka za serikali yenyewe, na alizitumia kama mwendesha mashtaka. Alionyesha kwamba Kamishna wa Magereza alikuwa ameandika mapema kwamba mpango ule ungeweza kumwumiza au kumwua mtu. Kwa hiyo wakubwa wa Nairobi walijua. Walioidhinisha walijua wanachokiidhinisha. Haiwezekani basi lawama ziishie kwa msimamizi wa kambi huku waliotia saini wakiendelea na kazi zao.

Katika mjadala, mbunge mmoja wa Conservative alikuwa amesema marehemu wale walikuwa watu duni kuliko binadamu. Powell alimjibu kwamba ni fundisho la kutisha, litakalowarudia wenyewe wanaolitamka, kumhukumu binadamu mwenzako na kusema kwa kuwa alikuwa mtu wa namna fulani, kifo chake kisiwe na matokeo yanayostahili kifo. Kisha ikaja ile sehemu inayonukuliwa daima: hatuwezi kusema tutakuwa na vipimo vya Kiafrika Afrika, vya Kiasia Asia, na labda vya Kiingereza hapa nyumbani. Hatuwezi, hatuthubutu, akasema, katika Afrika kuliko mahali pengine popote, kushuka chini ya vipimo vyetu vya juu kabisa katika kukubali wajibu. Denis Healey wa Labour, ambaye hakuwa rafiki yake kisiasa, alisema baadaye kwamba hakuwahi kusikia hotuba kubwa zaidi bungeni.

Ni hotuba ya heshima, na sioni sababu ya kuipunguzia hata chembe. Kwa wabunge wa chama tawala kunyamaza kulikuwa rahisi, na wengi walinyamaza. Lakini isome tena. Anayewajibika, anayedai vipimo, anayeogopa kuaibika, ni "sisi". Na huyo "sisi" ni dola ya Kiingereza. Powell hakusema hata neno moja kwamba watu wale walizuiliwa bila haki, wala kwamba ardhi waliyoipigania ilikuwa yao, wala kwamba Kenya ijitawale. Zaidi ya hapo, katika hotuba hiyohiyo alimtakasa Alan Lennox-Boyd, Waziri wa Makoloni, akisema hana lawama hata ndogo kwa yaliyotokea. Shabaha ilikuwa utawala wa Nairobi uliokwepa wajibu na hivyo kulichafua jina la Bunge lililoupa mamlaka.

Wapo wanaoandika siku hizi kana kwamba hotuba ile ndiyo iliyoleta uhuru wa Kenya. La hasha. Iliuma, bila shaka, na ilikuja siku moja kabla ya Bunge kujadili ripoti ya jaji Devlin kuhusu mauaji ya Nyasaland (Malawi ya leo), ambayo nayo iliiumbua serikali. Baada ya uchaguzi wa Oktoba Macmillan alimweka Iain Macleod mahali pa Lennox-Boyd, na Januari 1960 mkutano wa kwanza wa Lancaster House, wa katiba ya Kenya, ukaanza London. Lakini msukumo ulitoka kwa Wakenya waliokuwa wamefanya koloni lisitawalike kwa bei nafuu, na kwa Macmillan aliyeona hesabu hazilipi.

Miaka iliyofuata nitaipitia haraka. Powell alikuwa Waziri wa Afya kuanzia 1960 hadi 1963. Alitoa hotuba maarufu ya kutaka hospitali kubwa za wagonjwa wa akili, zile zilizojengwa enzi za Victoria na minara yao ya maji, zifungwe, na mwaka 1962 akatangaza mpango mkubwa wa kujenga hospitali mpya. Katika miaka hiyo hospitali za Uingereza ziliendeshwa kwa mikono ya wauguzi kutoka visiwa vya Karibi na madaktari kutoka India na Pakistan. Wabishi hubishana kama yeye binafsi aliwaita au ni hospitali zenyewe zilizowaajiri. Kwangu ubishi huo hauna uzito sana. Alikuwa waziri, aliwaona wakifanya kazi, na wizara yake isingesimama bila wao. Oktoba 1963 yeye na Macleod walikataa kumtumikia Alec Douglas-Home alipochukua uwaziri mkuu. Mwaka 1965 aligombea uongozi wa chama akapata kura 15, dhidi ya 150 za Edward Heath. Heath akampa uwaziri kivuli wa ulinzi.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu watu wa pwani na bara ya Afrika Mashariki, nalo limejaa sheria, kwa hiyo msomaji anivumilie.

Sheria ya uraia ya 1948 ilimfanya kila mtu aliyezaliwa Uingereza au katika koloni lake kuwa raia wa aina moja: raia wa Uingereza na Makoloni. Aliyezaliwa Nairobi na aliyezaliwa Manchester walikuwa sawa mbele ya sheria hiyo, na wote walikuwa na haki ya kuingia na kuishi Uingereza. Mwaka 1962 mlango ulianza kufungwa. Sheria mpya iliwataka watu wa Jumuiya ya Madola wawe na vibali, isipokuwa wale ambao pasipoti zao zilitolewa na serikali ya London yenyewe. Pasipoti iliyotolewa na gavana wa koloni haikuhesabiwa.

Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Wahindi waliokuwapo walikuwa na njia mbili: wale waliozaliwa Kenya na mzazi aliyezaliwa Kenya walikuwa raia moja kwa moja, na wengine walipewa miaka miwili kuomba. Wengi hawakuomba. Sababu zilikuwa nyingi: hofu, kusubiri kuona mambo yatakavyokwenda, na pengine, tuseme ukweli, kutoamini kwamba serikali ya Waafrika ingewatazama kama wenzao. Wakabaki na uraia wa Uingereza. Na kwa kuwa gavana alikuwa ameshaondoka, pasipoti zao mpya zilitolewa na ubalozi wa Uingereza Nairobi, yaani na serikali ya London. Hivyo vibali vya 1962 havikuwagusa. Uhuru wa Kenya ulikuwa umewafungulia mlango ambao ukoloni ulikuwa umewafungia.

Mwaka 1967 serikali ya Jomo Kenyatta ilipitisha sheria zilizowataka wasio raia wawe na vibali vya kazi na leseni maalumu za biashara. Mwenye duka River Road au fundi wa reli mwenye pasipoti ya Uingereza aliona mkate wake uko hatarini. Mwanzoni mwa 1968 ndege zilianza kujaa. London, magazeti yalihesabu abiria kila siku kana kwamba ni majeruhi.

Powell na Duncan Sandys ndio waliobeba kampeni ya kuwazuia. Sandys ndiye aliyekuwa waziri husika Kenya ilipopata uhuru. Hoja yao ilikuwa kwamba hakuna ahadi yoyote iliyotolewa kwa Wahindi. Ni upenyo tu wa kisheria ambao hakuna aliyeukusudia. Powell alilisema hilo Walsall Februari 1968. Macleod, ambaye alikuwa ameishughulikia Kenya kama Waziri wa Makoloni, aliwakana hadharani: ahadi ilikuwapo, na tuliikusudia. Aliyeufunga mlango hakuwa Conservative bali serikali ya Labour ya Harold Wilson, kupitia Waziri wa Mambo ya Ndani James Callaghan. Sheria ilipitishwa bungeni kwa siku tatu na kuanza kutumika tarehe 1 Machi 1968. Tangu hapo raia wa Uingereza asiye na mzazi au babu aliyezaliwa, kupewa uraia au kusajiliwa kule hakuwa na haki ya kuingia kwa hiari yake. Wakuu wa familia 1,500 tu kwa mwaka ndio wangepewa hati. Watu wakawa na pasipoti ya nchi isiyowataka, katika nchi isiyowapa leseni. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilisema kuwatendea hivyo kwa msingi wa rangi kulikuwa kuwadhalilisha.

Nakumbusha tena ile kauli ya 1959, vipimo vya aina moja kila mahali. Mwenye pasipoti ya Uingereza Nairobi alikuwa amejengewa kipimo chake, na msemaji wa Hola ndiye aliyekuwa mstari wa mbele kukiondoa.

Wiki saba baadaye, Jumamosi tarehe 20 Aprili, akaenda Hoteli ya Midland, Birmingham. Bunge lilikuwa karibu kujadili mswada wa kukataza ubaguzi katika nyumba na ajira, na chama chake kilikuwa bado kinapima maneno ya kuupinga. Powell hakupima. Alikuwa amemdokeza rafiki yake, mhariri wa gazeti la Wolverhampton, kwamba hotuba hii itapaa na haitashuka. Alisimulia alivyoambiwa na mpiga kura wake mmoja kwamba baada ya miaka 15 au 20 mtu mweusi atakuwa ndiye mwenye kiboko juu ya mzungu. Alisoma barua kuhusu bibi kizee, mzungu wa mwisho katika mtaa wake, anayepitishiwa kinyesi kwenye tundu la barua mlangoni. Alisema Waingereza wamejikuta wageni katika nchi yao wenyewe. Na mwishoni akasema kwamba, kama yule Mroma, anauona Mto Tiber ukitoa povu la damu nyingi. Maneno "mito ya damu" hayamo. Ni magazeti yaliyoyatunga.

Heath alimfukuza kazi kesho yake. The Times ililiita tendo hilo hotuba ya uovu. Lakini makuli wa bandari ya London waliandamana hadi bungeni kumuunga mkono, wabeba nyama wa soko la Smithfield wakafuata, barua zikammiminikia kwa makumi ya maelfu, na kura ya maoni ya Gallup ikaonyesha asilimia 74 wanakubaliana naye. Wahamiaji wenyewe walisimulia kwa miaka mingi jinsi jina lake lilivyogeuka kuwa kelele ya kufukuziwa nayo barabarani.

Mambo mawili katika hotuba hiyo hunishangaza kila nikiisoma. La kwanza ni ushahidi. Mtu huyu mwaka 1959 alisimama na nyaraka, tarehe, sahihi na ngazi za mamlaka, akambana kila ofisa kwa karatasi yake mwenyewe. Mwaka 1968 alisimama na barua ya mtu asiyetajwa kuhusu bibi asiyetajwa katika mtaa usiotajwa, na waandishi waliokwenda Wolverhampton kumtafuta bibi huyo hawakumpata. Kwa mtu aliyehesabu maneno ya Herodotus hilo si kosa la haraka. Alichagua kupitisha uvumi kwa sauti ya profesa. Wanaotaka kumtetea kwa mantiki yake, na mantiki alikuwa nayo, wajibu hapo kwanza.

La pili ni huyo Mroma. Maneno ya Mto Tiber yametoka kitabu cha sita cha Aeneid, utenzi wa mshairi wa Roma Virgil. Anayeyasema ni kuhani wa kike, Sibyl, na anayeambiwa ni Aeneas. Aeneas ni nani? Ni mkimbizi kutoka Troy, aliyevuka bahari na watu wake na miungu yake kutafuta makao Italia, na ambaye kizazi chake ndicho kitakachoianzisha Roma. Sibyl anamwonya mgeni kuhusu vita vinavyomngoja, si mwenyeji kuhusu mgeni. Powell alilijua hilo kuliko mtu yeyote ukumbini, na akalitumia hivyohivyo.

Je, hotuba mbili zinapatana? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Ukiamini kwamba Uingereza ni taifa moja la kale lenye Bunge lake, utadai maofisa wa taifa hilo wawe na mwenendo mmoja popote wanapotawala; na wakishaacha kutawala, utadai wale waliotawaliwa wabaki kwao. Mwafrika wa Hola ni amana ya dola. Mhindi wa Nairobi ni deni la zamani ambalo Powell hakutaka kulilipa. Novemba 1968 huko Eastbourne alilisema waziwazi: mtu wa Karibi au Asia hawi Mwingereza kwa kuzaliwa Uingereza; kisheria anakuwa raia, lakini kwa kweli anabaki alivyo. Hapo ndipo mshono unapofumuka, kwa maana ukishasema sheria ni kitu kimoja na ukweli wa mtu ni kingine, na kwamba ukweli huo ni damu yake, umesharudi kwenye vipimo vya Kiafrika, vya Kiasia na vya Kiingereza.

Idi Amin alipowafukuza Wahindi wa Uganda mwaka 1972, serikali ya Heath iliwapokea zaidi ya 27,000. Powell alipinga, akalipeleka jambo hilo kwenye mkutano mkuu wa chama, akashindwa.

Kilichomtoa kabisa katika chama hakikuwa wahamiaji bali Ulaya. Kwake Bunge linalokubali sheria za Brussels si Bunge tena, na alipiga kura dhidi ya serikali ya chama chake mara nyingi Heath alipoiingiza nchi katika Jumuiya ya Ulaya mwaka 1973. Februari 1974 alikataa kugombea, akawaambia wapiga kura wachague Labour kwa kuwa iliahidi kuwaachia wananchi uamuzi. Mkutanoni Shipley mtu alimpigia kelele, "Yuda!" Akajibu kwamba Yuda alilipwa, yeye anajitolea mhanga. Heath akapoteza madaraka. Oktoba mwaka huo Powell alirudi bungeni kwa tiketi ya Waunionisti wa Ulster, chama kinachotaka Ireland Kaskazini ibaki Uingereza, mbunge wa South Down katika Ireland Kaskazini, akakishika kiti hicho hadi aliposhindwa 1987. Hakukubali kuwa lodi wa maisha, yaani kupewa kiti cha kudumu katika Baraza la Malodi, kwa sababu mwaka 1958 alikuwa ameipinga sheria iliyoanzisha vyeo hivyo. Hata wasiompenda walimpa hilo: hakuvuna alichokuwa amekikataa.

Na aliandika mfululizo. Mashairi, historia ya Baraza la Malodi katika zama za kati, vitabu vya hotuba ambamo mawazo ya soko huria na kubana fedha yalionekana kabla Margaret Thatcher hajayafanya sera. Mwaka 1994, miaka minne kabla ya kifo chake, alitoa uchambuzi wa Injili ya Mathayo akidai Yesu hakusulubiwa na Waroma bali alipigwa mawe na Wayahudi. Wataalamu wengi hawakumfuata. Kitabu chake kinachosomeka zaidi, kwa ladha yangu, ni wasifu wa Joseph Chamberlain wa 1977. Chamberlain naye alikuwa mtu wa Birmingham aliyevunja vyama alivyokuwamo, na ndiye Waziri wa Makoloni ambaye mwaka 1903, akitoka kuipita Afrika Mashariki kwa reli, aliwaahidi Wayahudi ardhi ya Uasin Gishu bila kumwuliza aliyekuwa akiishi pale. Ndani yake Powell aliandika kwamba maisha yote ya kisiasa, yasipokatizwa katikati wakati wa raha, huishia katika kushindwa. Wasomaji walijua hamzungumzii Chamberlain peke yake.

Alifariki tarehe 8 Februari 1998, akazikwa Warwick akiwa amevaa sare zake za brigedia.

Mwaka 2010 kiti chake cha zamani cha Wolverhampton South West kilirudi kwa Conservative. Aliyekichukua ni Paul Uppal, Singasinga, na kura alizompita mpinzani wake zilikuwa 691, zilezile za Powell mwaka 1950. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza, iliyoongozwa na Conservative, ilieleza masikitiko yake kwa mateso ya kambi za Kenya na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228. Oktoba 2022 uwaziri mkuu ukaenda kwa Rishi Sunak, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Waziri wake wa Mambo ya Ndani, Suella Braverman, ni binti wa mtu aliyetoka Nairobi mwaka 1968, mwaka uleule wa sheria ya Callaghan, na alishika bendera ya mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda, ambao Mahakama ya Juu iliukataa Novemba 2023. Sina hakika Powell angecheka au angekasirika.

Mei 2025 Keir Starmer wa Labour, akitetea masharti mapya ya uhamiaji, alisema Uingereza iko hatarini kuwa kisiwa cha watu wasiojuana. Siku hiyohiyo watu walilisikia ndani yake lile neno la Birmingham kuhusu wageni katika nchi yao wenyewe. Mwishoni mwa Juni alisema anajutia sana kulitumia, na kwamba yeye na waandishi wa hotuba yake hawakujua linamkumbusha mtu Powell.